Nione Maneno

Bukavu, tarehe 11 mwezi wa nane 1979

Dada yangu mkubwa, Yaya Madeleine,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe, mumeo Papa Honoré na watoto, na kuku pia kama bado mnao. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu, na nikikufahamu vizuri utataka kuisoma umesimama na jembe begani. Liweke chini kwanza. Mgongo wako unaendeleaje? Lile goti la Papa Honoré limepata nafuu, au bado linamtabiria mvua? Na Delphine wenu, bado anakimbia nyumba mkimwambia asuke nywele? Mimi huku niko mzima. Nakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, kama wote wa Bukavu mwezi huu, lakini nakula, nalala, na ziwa liko palepale ulipoliacha.

Mafuta ya mawese na asali vimefika. Papa Philémon alipoegesha lori lake pale Nyawera alianza kujitetea kabla sijamuuliza kitu, eti barabara ya kutoka kwenu imeharibika, eti chupa ya asali ilikuwa nusu tangu alipoipokea. Nilimwangalia tu. Mwishowe akacheka mwenyewe, akakubali kwamba walipofika Kavumu njaa ilimzidi. Nimemsamehe kwa sababu ndiye atakayekuletea barua hii, na nimemwomba akuwekee mkononi mwako mwenyewe.

Jambo moja kabla sijaendelea. Usimpe mtu akusomee. Najua Delphine anapenda kusoma kwa sauti ili majirani wasikie jinsi anavyosoma, lakini safari hii mtume kisimani. Keti mlangoni penye mwanga uisome polepole, kama zamani.

Nasema kama zamani kwa sababu Jumapili iliyopita nilikwenda Nyantende. Nyumba ya Papa bado imesimama, ingawa ukuta wa upande wa migomba umeanza kuinama. Lile jiwe la mlangoni liko, lile tulilokuwa tunakalia, na limekuwa laini zaidi, sijui ni kwa makalio ya nani sasa. Nilikaa pale. Shangazi alinikuta nimekaa peke yangu kama mgeni aliyekosa wenyeji, akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia nakukumbuka wewe.

Unakumbuka mwaka ule waliokurudisha nyumbani? Wewe ulikuwa darasa la tatu, mimi nilikuwa nimeanza la kwanza. Mwalimu wako alimwambia Papa kwamba wewe ni mkaidi, kwamba akikuita huitiki na akikuuliza unamkodolea macho kama mbuzi. Alikuwa anasema akiwa ameupa ubao uso na darasa mgongo, lakini nani alijali mambo hayo wakati ule? Papa naye aliamini, kwa sababu mwalimu alivaa viatu. Surua ilikuwa imepita na masikio yako, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuligundua hilo isipokuwa Maman. Wewe hukulia. Ulichukua jembe ukaenda shamba, na mchana nilipotoka shule nilikukuta umekaa kwenye lile jiwe unaningoja.

Mimi nilikuwa naanza kusimulia nikiwa bado natua kibao changu cha kuandikia, nageuka huku na huku, naongea na ukuta. Ndipo uliponishika kidevu. Mikono yako ilikuwa na udongo, ninaukumbuka hata harufu yake. Ukanigeuza mpaka uso wangu ukaelekea wako, ukaniambia: “Geuza sura huku. Nione maneno.” Kila siku ikawa hivyo. Nikimumunya maneno, unanifinya. Nikiruka kitu ambacho sikukielewa, unakijua palepale, sijui kwa vipi, unakunja uso na kuninyima kiazi changu mpaka niahidi kwamba kesho nitamuuliza mwalimu. Watu wakasema Euphrasie ana akili darasani. Euphrasie alikuwa anaogopa tu kurudi nyumbani bila jibu. Hivyo ndivyo ulivyojua kusoma, Yaya, na hivyo ndivyo mimi nilivyojua kufundisha, ingawa diploma yangu inasema mengine.

Sasa nikupe habari za kazi, maana ndizo zinazobeba barua hii.

Unajua kwamba mimi ni assistante, mwalimu msaidizi, katika chuo kikuu cha ualimu hapa mjini, na kwamba nafundisha jiografia. Kazini hawaniiti Euphrasie. Tangu serikali ilipotuondolea majina ya ubatizo na kutuamuru tuitane raia, mimi ni Citoyenne Cibalonza, na mkuu wa idara yetu, section kama tunavyoiita, Papa Ignace, ni Citoyen Birindwa. Lakini barua hii ni yetu wawili, hakuna atakayetushtaki, basi nitamwita Papa Ignace. Ni mzee mwenye heshima, suti yake ya abacost haina hata mkunjo mmoja, na kozi yake ya saikolojia ya mtoto ameifundisha tangu karatasi zake zilipokuwa nyeupe. Siku hizi ni za rangi ya chai.

Kwetu kufundisha ni kutoa imla. Mwalimu anaingia katika auditoire, ule ukumbi wa masomo, wanafunzi wanasimama, wanakaa, anafungua karatasi zake na kuanza kuzisoma, nukta, koma, fungua mistari mipya, na wao wanaandika mpaka vidole viwaume. Siku ya mtihani wanamrudishia maneno yake jinsi alivyowapa. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo na mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha hivyo. Siku niliyoipenda ni ile ya mvua. Mvua ya Bukavu ikianguka juu ya mabati hakuna anayemsikia mwenzake, walimu wengine wanafunga karatasi zao na kungoja. Mimi nilikuwa nachukua chaki nachora mito, Ruzizi, Ulindi, Elila, naonyesha kwa kidole, wanafunzi wanaonyesha kwa kidole, tunacheka. Nilitamani mvua isikatike.

Kidogo kidogo nikaanza kufundisha hivyo hata siku za jua. Niliacha kukaa mezani, nikawa napita kati ya mabenchi. Nikaweka sheria kwamba mwanafunzi akiuliza swali, mwenzake wa benchi la mbele alirudie kabla sijajibu. Wenye haya ya kusema waliandika maswali yao kwenye vipande vya karatasi. Kila neno jipya nililiandika ubaoni, kisha nikageuka na kulisema nikiwatazama usoni. Wale waliotoka Shabunda na Mwenga, ambao Kifaransa chao kilikuwa kinawaponyoka, wakaanza kufaulu. Wenzangu wakapata habari. Pascal, jirani yangu wa ofisi, yule mcheshi niliyekwambia habari zake, akawa ananitania kwamba nimeleta shule ya watoto wadogo chuo kikuu. Lakini nilimwona siku moja dirishani ananichungulia, na wiki iliyofuata naye akaanza kuwaambia wanafunzi warudie maswali. Yaya, nilivimba kichwa. Naomba ukumbuke sheria hizo zangu, nitazirudia mbele.

Ndipo alipokuja Jeanine. Ni binti wa wachimba dhahabu wa Mwenga, mrefu, ana shingo ya kiburi na ulimi mkali, na hasikii vizuri. Kwangu alikuwa anashika nafasi za juu. Kwa Papa Ignace alikuwa anapata sifuri, kwa sababu mzee anasoma karatasi zake amezinyanyua mpaka puani, na mtu akimwomba arudie anadhani anadharauliwa. Jeanine alikuwa anaishi kwa kunakili kwa jirani. Nilimwita nikamuuliza tatizo ni nini, kana kwamba sikujua. Akaniangalia moja kwa moja akajibu: “Mimi si bubu, Citoyenne. Ni wao banaongeaka na tableau, na ubao.” Nilicheka, halafu nilipobaki peke yangu nikalia, kwa sababu nilikuona wewe na jembe lako.

Mwezi wa tatu jambo lake likafika kwenye baraza la section. Papa Ignace alitaka aondolewe kabla ya mitihani. Hakusema kwa ubaya, nataka nimtendee haki. Alisema chuo chetu kinatoa walimu, na kwamba kumpa diploma mtu wa namna ile ni kuwadanganya watoto atakaowafundisha. Akatandaza mikono juu ya meza akauliza: “Mwalimu mwenye hasikiake, atafundisha nani? Munionyeshe moja tu.” Mimi, Yaya, nilisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba ningeomba tungoje mpaka baada ya Pasaka, kwa kuwa wakati huo tungekuwa na recyclage, na huenda wageni wangetushauri. Wakakubali kungoja. Baada ya recyclage baraza lingepiga kura, na mambo yalivyokuwa, ni Pascal na mimi tu tungenyanyua mkono kwa ajili ya Jeanine.

Recyclage ni hivi: wanawakusanya walimu wa chuo kikuu na kuwarudisha wao wenyewe shuleni, wajifunze namna mpya za kufundisha. Tulifanyiwa katika nyumba ya masista, juma zima la likizo ya Pasaka, na unaweza kuwaza nyuso za wazee waliozoea kuitwa Profesa walipoambiwa waje na kalamu. Aliyetuongoza alitoka Kisangani, mama mnene mwenye sauti ya upole. Jina lake la kazini lilikuwa refu na mimi sikulishika, lakini masista walimwita maman Sophie, basi nasi tukafuata. Siku ya kwanza alituomba tueleze kila mmoja anafanya nini ili mwanafunzi yeyote asiachwe nyuma. Pascal, bila aibu, akasimama na kuzieleza sheria zangu, moja baada ya nyingine, mpaka akaniweka mimi nisimame nizieleze. Maman Sophie akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikasema kwa dada yangu, kule Nyantende. Wakadhani wewe ni profesa.

Siku ya mwisho ndiyo ninayotaka uisome vizuri. Asubuhi ilikuwa mazoezi, na mchana baraza letu lingekaa palepale kupiga kura juu ya Jeanine. Maman Sophie akatuambia: “Leo munakaa pa nafasi ya banafunzi.” Akatupanga kwenye mabenchi, mimi nikaangukia benchi la nyuma kabisa pamoja na Pascal. Kisha akamwomba Papa Ignace afundishe kama kawaida yake, nasi tuandike. Mzee alifurahi. Alichukua karatasi zake za rangi ya chai, akazinyanyua mpaka puani, akaanza.

Nikafanya alichokuwa anafanya Jeanine. Niliinamisha kichwa na kuandika alichokuwa anaandika Pascal, mstari kwa mstari. Mkono wangu ulikwenda haraka kuliko akili, kwa sababu ukinakili huwezi kungoja uelewe, utaachwa.

Tulipomaliza, maman Sophie alitaka mmoja asome alichoandika. Alinichagua mimi, nadhani kwa sababu alikuwa amenipenda. Nikasimama nikasoma kwa sauti safi, Kifaransa changu chote nimekivaa, habari za mtoto wa umri wa shule, habari za usikivu wake na uchovu wake, na mwisho nikasoma kwamba mtoto huyo inampasa apewe chakula saa sita kamili bila kuchelewa, na kwamba assistant naye kwa upande huo ni mtoto, hasa akifundishwa na mtu asiyechoka. Nilifika kwenye nukta ndipo nikasikia nilichosema. Ni Pascal huyo! Njaa ilikuwa imemshika, akachomeka upuuzi wake katikati ya maneno ya mzee, kwa mwandiko uleule, na mimi nikaupokea kama injili.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Évariste, yule mzee wa historia, alipiga benchi mpaka kalamu zikaruka. Pascal alikuwa ameshusha kichwa mezani, ameufunika uso kwa mikono. Papa Ignace peke yake hakucheka. Alishusha karatasi zake na sasa nikauona mdomo wake, basi nilimwelewa vizuri aliponiuliza kama hiyo ndiyo heshima, na kama ndiyo pedagojia mpya tunayofundishwa. Pascal akasimama akakiri kwamba maneno ni yake na kwamba alikuwa anajifurahisha. Wangeweza kuishia hapo. Ningesema niliona mzaha wa Pascal nikausoma kwa kusudi, wangenitoza soda, tungekwenda kula. Lakini Papa Ignace si mjinga. Alinigeukia akasema kwamba kama maneno ni ya Pascal, basi Citoyenne Cibalonza alikuwa ananakili, na mtu ananakili akiwa hafuati. Akamgeukia maman Sophie akasema hivyo ndivyo anavyofanya yule msichana wa Mwenga, na kwamba mchana baraza lisipoteze muda, kwani yeye swali lake bado hajajibiwa: wamwonyeshe mwalimu mmoja tu asiyesikia.

Yaya, jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii ni hilo. Nilikuwa bado nimesimama. Nilisema: “Ni mimi, Papa. Mimi sisikiake.”

Hata Citoyen sikumwita. Nilimwita Papa, kama vile niko nyumbani na nimevunja kitu.

Ni miaka sasa. Ilianza na kengele ya kanisa, ambayo nilidhani imeharibika, nikamuuliza padri kwa nini hawaitengenezi. Kisha sauti za wanafunzi wa mabenchi ya nyuma zikawa zinanijia kama watu wanaoongea ndani ya blanketi. Unakumbuka Papa alivyokuwa anafungua redio mpaka jirani analalamika, tukasema ni uzee? Daktari ameniambia haukuwa uzee, ni masikio yake tu, na amenipa mimi urithi huo. Yako yalikwenda na surua, yangu yanakwenda na damu. Zile sheria zangu nilizokuwa nasifiwa, Yaya, zote zilikuwa mbinu za kujificha. Nilipita kati ya mabenchi ili niwe karibu na midomo yao. Nilimfanya wa mbele arudie swali kwa sababu la nyuma halikunifikia. Vile vipande vya karatasi vilikuwa kwa ajili yangu kabla havijawa kwa ajili ya wenye haya. Na mvua niliipenda kwa sababu ndiyo saa pekee ambapo auditoire nzima ilikuwa kama mimi. Nisingeweza kuzibuni peke yangu. Kila nilipokwama nilijiuliza wewe ungenishika wapi ili nikuone.

Niliyaeleza haya yote mbele yao. Nilipomaliza sikujua kama kuna mtu anasema, maana niliogopa kutazama midomo. Papa Ignace alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Akasema amenifahamu tangu nikiwa mwanafunzi wake, na kila mara akiniuliza kitu nilimjibu vizuri. Nikamwambia ni kwa sababu akiniuliza jambo huwa ananitazama. Leo alikuwa nyuma ya karatasi.

Maman Sophie hakutoa hotuba. Alimwomba mzee ashushe karatasi kifuani na aanze ukurasa uleule upya. Niliona inampa shida, mkono ulikuwa unapanda wenyewe, lakini akafundisha, na safari hii niliandika bila kumtazama Pascal. Évariste akainua kidole akasema kwamba hata yeye, kwa miaka yote hii ya mikutano, miisho ya sentensi za Citoyen Birindwa ilikuwa inampotea, ila aliona ni heshima kunyamaza. Hapo mzee mwenyewe alicheka, kidogo, kwa pua.

Baraza halikumfukuza Jeanine. Halikumbariki pia. Waliamua atoe somo la majaribio mbele ya jury, jopo la walimu, katika shule ya msingi kule Kadutu, na akishindwa aondoke. Mwezi wa sita nikakaa nyuma ya darasa lile, watoto wamebanana kama maharage kwenye ganda, Papa Ignace pembeni yangu na kalamu yake. Jeanine alifundisha habari za maji na mvua. Alifundisha kwa kiburi chake kilekile, anatembea, anaonyesha, anadai jibu lirudiwe. Kisha akakiuliza kitoto kimoja cha nyuma, kikajibu kikiwa kimeinama, kinaongea na dawati. Jeanine akaenda, akapiga magoti mbele yake, akakishika kidevu taratibu na kukigeuza kimwelekee. Yaya, mimi sikumfundisha hilo. Hajawahi kukuona. Nilitoa kitambaa nikajifanya nina mafua, na Papa Ignace, ambaye kwa kawaida hukunja uso mtu akipiga chafya, alisogeza kiti chake kidogo ili jury wasinione.

Jeanine alifaulu. Siku ya kutangaza matokeo uwanja ulijaa wazazi na makopo ya poda ya kuwamwagia waliofaulu, unajua tulivyo. Jina lake liliposomwa, watu wa Mwenga walimmwagia mpaka akawa mweupe nyusi na kope. Akapenya umati akanijia, akanipindulia kopo zima kichwani. Poda ikaangukia na abacost ya Papa Ignace. Hakuipangusa.

Ni hayo ya furaha. Ya kwangu bado. Mwezi wa kumi baraza kubwa la chuo litaketi kuamua kama nitaendelea na auditoire au nipelekwe bibliothèque kupanga vitabu. Papa Ignace ameahidi kunisemea. Siku hizi ananijia ofisini, anaketi mbele yangu, anafungua mdomo mkubwa sana na kutamka polepole kama anayemlisha mtoto, nami naumia mbavu kwa kuzuia kicheko. Lakini yeye ni sauti moja, na wengine wanasema Jeanine atafundisha watoto, mimi nafundisha watu wazima, eti si sawa. Sijui itakuwaje. Daktari anasema masikio yataendelea kupungua, pengine taratibu, pengine haraka. Kusema kweli, naogopa. Naogopa kuipoteza auditoire, ambayo ndiyo ndoa yangu na watoto wangu. Usiku naimba zile nyimbo za Maman za kupukuchulia mahindi ili nihakikishe bado zimo.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia miaka yote hii. Nilidhani utahuzunika. Sasa nikikuwaza naona huhuzuniki hata kidogo, unakunja uso na kuninyima kiazi.

Basi nina ombi. Midomo ya watu naisoma nusu tu, nusu nyingine nabahatisha, na tarehe ya baraza inakuja. Mwezi wa tisa Papa Philémon anapanda tena huko, nami nitakuwa pembeni yake kwenye lori, nikilinda asali wakati wa kurudi. Nipokee. Ulisomea kwangu utotoni na hujawahi kuniambia wewe ulifanyaje, unatazama nini kwanza, unafanya nini mtu mwenye ndevu akiongea. Nataka unifundishe yote. Na nataka kuisikia sauti yako sana, Yaya, mchana kutwa, ungali unanifikia. Niimbie hata zile nyimbo usizozijua vizuri.

Wasalimie wote waliokuzunguka, jirani zako wa kanisani, na mama mkwe wako hata kama bado hamsemeshani. Mwambie Papa Honoré anitafutie kiti cha chini, kisichopita urefu wa lile jiwe la Nyantende. Delphine nitamletea poda, akisuka nywele. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Kiweke kiti hicho mlangoni, penye mwanga. Usijali ukisahau na kuanza kuongea umegeukia jikoni. Mikono yangu itakuwa imeoshwa, na najua pa kukushika.

Mudogo wako,
Euphrasie